Sura ya Nne: Shanga na Uzi

Saa saba mchana, katika shamba la mkonge karibu na Korogwe, mashine ya korona inayochakata majani ya mkonge huzimwa na wafanyakazi hutafuta kivuli. Katani ya asubuhi imeanikwa kwenye waya, safu kwa safu, ikikauka juani. Chini ya mwembe kuna sinia la ugali na bakuli la maharage. Kijana mmoja anamega tonge kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto anasokota uzi wa katani alioukuta umenasa kwenye nguo yake. Hajui kwamba mikono yake miwili imeshika kitu kimoja. Mkemia akilichambua tonge lile, ukiacha maji yake, atakuta sehemu kubwa ni glukosi. Akiuchambua uzi ule, atakuta sehemu kubwa ni glukosi vilevile. Tonge ni sukari, na kamba ni sukari.

Basi kwa nini tonge linashibisha, na kamba inafunga mashua gatini miezi na miezi bila kulainika? Malighafi ni ileile. Kilichotofautiana ni jinsi ilivyoungwa. Ukilishika jambo hilo moja, utakuwa umeshika ufunguo wa sura hii yote, kwa sababu uhai umejengwa kwa vitu vichache na vya kawaida sana. Maajabu yake yako kwenye mpangilio.

Uzito wa mtu mzima ni zaidi ya nusu maji. Yaondoe hayo, weka kando madini ya mifupa na chumvichumvi za damu, na karibu kila kinachobaki kitaingia katika makundi manne: kabohaidreti, lipidi, protini na asidi nukleiki. Wanasayansi huyaita makromolekuli, yaani molekuli kubwa. Yote manne yanatokana hasa na elementi sita: kaboni, hidrojeni, oksijeni, nitrojeni, fosforasi, na salfa ambayo wazee wetu waliiita kiberiti. Ukitafuta sana, zote sita utazipata katika mkaa, maji, hewa na mfuko wa mbolea.

Kwamba molekuli inaweza kuwa kubwa kiasi hicho, wakemia wengi wa Ulaya hawakukubali hadi miaka ya 1920 ilipokuwa imekwenda. Waliona mpira, wanga na protini kuwa ni vijimolekuli vidogo vilivyogandamana tu. Mjerumani Hermann Staudinger ndiye aliyeshika msimamo, kuanzia mwaka 1920, kwamba hiyo ni minyororo halisi yenye maelfu ya vipande vilivyoungana barabara. Alipingwa kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel ya kemia ilimfikia mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 72.

Yeyote aliyewahi kumtazama mwanamke akitunga shanga anaweza kumwelewa Staudinger haraka. Unachukua ushanga, unautia kwenye uzi, unatia mwingine. Seli nayo hufanya hivyo, kwa sharti moja: kila ushanga unapoungana na mwenzake, molekuli moja ya maji hutoka. Mwili unapotaka kuzitenganisha, huirudisha molekuli hiyo ya maji mahali pale pale. Kutunga ni kutoa maji. Kutungua ni kutia maji. Sehemu kubwa ya chakula ulichokula leo inatunguliwa hivyo tumboni, na misuli yako yote ilitungwa hivyo.

Sukari inayolika na sukari isiyolika

Chukua kipande kidogo cha ugali usio na mboga, kitafune polepole kwa dakika moja au mbili bila kumeza. Kitaanza kuwa kitamu. Hakuna aliyekutilia sukari. Mate yako yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kukata minyororo ya wanga kuwa vipande vifupi vya sukari. Ulimi umeonja shanga zikiachana na uzi.

Katika wanga, shanga zote za glukosi zimeelekea upande mmoja, na kwa hiyo mnyororo hujisokota kama springi. Amilesi inapita humo bila shida. Katika selulosi, ambayo ndiyo katani, pamba, karatasi na sehemu kubwa ya mti, kila ushanga wa pili umegeuzwa kichwa chini. Mgeuko huo mdogo huunyoosha mnyororo. Minyororo iliyonyooka hulala ubavu kwa ubavu kama fito za ukuta, ikishikana kwa maelfu ya vifungo vidogo, na huko ndiko kamba inakopata nguvu zake. Amilesi yetu ikifika hapo haipati pa kushika. Hata ng'ombe hajui kuikata selulosi kwa vimeng'enya vyake mwenyewe. Anawategemea vijidudu waishio katika tumbo lake la kwanza. Sisi tunaitoa kama nyuzinyuzi, baada ya kutusaidia choo kiende vizuri.

Lugha yetu ina bahati moja hapa. Tunasema kamba tukimaanisha ya kufungia, na tunasema kamba tukimaanisha yule wa baharini anayepikwa kwa nazi. Kemia nayo imewakutanisha. Gamba la kamba wa baharini limejengwa kwa kaitini, mnyororo ulionyooka kama selulosi, ambao shanga zake ni glukosi iliyobandikwa kipande chenye nitrojeni. Jina moja, na ufundi unaokaribia kuwa mmoja.

Mwili wetu nao hutunga mnyororo wake wa glukosi, wenye matawi mengi, uitwao glikojeni. Ini la mtu mzima aliyeshiba huhifadhi takriban gramu 100, na misuli yote huhifadhi kiasi cha gramu 400. Anayefunga Ramadhani anaijua akiba hii hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Tangu daku hadi magharibi, ini hutungua glikojeni ushanga mmoja mmoja ili ubongo usikose glukosi. Na tende inayofungulia swaumu imejaa glukosi na fruktosi zisizohitaji kutunguliwa kwanza, ndiyo maana nguvu hurudi upesi.

Mafuta, jamaa asiyetungwa

Glikojeni ikipungua, mwili hugeukia mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9, wakati gramu moja ya wanga hutoa 4. Kwa mnyama anayetembea na akiba yake mwilini, tofauti hiyo ni kubwa.

Lazima niseme ukweli: lipidi si mnyororo wa shanga kama ndugu zake watatu. Molekuli ya mafuta ni ndogo. Ina kichwa kimoja cha gliseroli na mikia mitatu ya asidi za mafuta. Inahesabiwa katika familia hii kwa sababu hakuna seli inayosimama bila lipidi, na kwa sababu molekuli zake zikikusanyika hufanya jengo kubwa.

Tabia ya mafuta iko kwenye mikia. Chukua chupa ya mafuta ya nazi kutoka Dar es Salaam, yakiwa maji kabisa, upande nayo Lushoto mwezi wa Julai. Asubuhi utayakuta yameganda meupe kama mshumaa, maana mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa ya mafuta ya alizeti kutoka Singida, iliyolala kwenye rafu hiyo hiyo, bado inamiminika. Mikia ya mafuta ya nazi karibu yote imenyooka, hivyo hupangika vizuri na kuganda. Mikia mingi ya alizeti ina kona, na vitu vyenye kona havipangiki.

Kila seli yako imezungukwa na utando wa lipidi uliopangwa tabaka mbili. Vichwa vinavyopenda maji vimetazama nje na ndani. Mikia inayokimbia maji imejificha katikati. Ni mwembamba mno: tando kama 10,000 zikipangwa moja juu ya nyingine ndipo zikaribie unene wa unywele mmoja. Lakini bila utando huo hakuna ndani wala nje, na pasipo na ndani wala nje hakuna kiumbe.

Papai linakula nyama

Somo langu la kwanza la protini nililipata kabla sijaingia darasani, kwa shangazi yangu aliyekuwa akiuza mishkaki Tanga nyakati za jioni. Alikuwa akikuna papai bichi, analichanganya na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, kisha anaipaka nyama ya ng'ombe. Siku moja nilimwambia, "Shangazi, kwa nini tusiiache hadi kesho, ilainike zaidi?"

"Usithubutu, mwanangu," alinijibu. "Papai linakula nyama. Ukiliacha hadi asubuhi utakuta uji."

Alikuwa sahihi neno kwa neno. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papeini, na papeini hukata minyororo ya protini kama mkasi. Chenyewe papeini pia ni protini. Protini inakata protini.

Shanga za protini huitwa asidi amino, na ziko za aina 20. Hapo ndipo protini inapoipita sukari kwa mbali. Wanga ni uzi wa shanga za rangi moja. Protini ni uzi wenye rangi 20, na kila utaratibu mpya wa rangi ni protini mpya. Insulini inayosimamia sukari ya damu ina shanga 51 tu. Mwaka 1955 Mwingereza Frederick Sanger alimaliza kuzisoma zote kwa mfuatano wake, na hiyo ikawa protini ya kwanza kusomwa hivyo. Himoglobini inayobeba oksijeni ina nyuzi nne zenye shanga 574 kwa jumla. Zikumbuke shanga hizo 574, tutazirudia.

Uzi wa protini haubaki umenyooka. Shanga zinazopenda maji hujitokeza nje, zinazoyakimbia hujikusanya ndani, na uzi mzima hujikunja ukawa umbo maalumu. Umbo hilo ndilo kazi yake. Vunja yai kwenye kikaango cha moto, utazame ute wake ukigeuka kutoka maji angavu kuwa weupe mgumu. Joto halikukata uzi. Limekunjua mikunjo, nyuzi zikanaswa ovyo ovyo, na kutoka hapo hakuna kurudi. Utaratibu wa shanga umebaki uleule, lakini umbo limepotea, na kazi imepotea pamoja nalo.

Kati ya asidi amino hizo 20, tisa hatuwezi kuzitengeneza, lazima tuzile. Mahindi yana upungufu wa mojawapo, laisini. Maharage yana laisini ya kutosha, ila yana upungufu wa nyingine, methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukivipika pamoja, kimoja huziba pengo la mwenzake. Upareni wanakiita makande. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, wanakiita githeri. Waliokianzisha hawakuwa na maabara. Walikuwa na watoto wa kulisha, na waliona ni chakula gani kinawakuza.

Kitabu ndani ya kiini

Nani anaamua utaratibu wa shanga za protini? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1869 mjini Tübingen, Ujerumani, katika lililokuwa jiko la ngome ya zamani. Kijana wa Uswisi, Friedrich Miescher, alikuwa akiosha usaha kutoka bendeji za hospitali ili apate seli nyeupe za damu. Ndani ya viini vya seli hizo alikuta kitu chenye fosforasi nyingi, tofauti na protini yoyote. Ilikuwa DNA, asidi nukleiki, kundi letu la nne. Ilichukua zaidi ya miaka 80 kulifahamu umbo lake. Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walieleza kwamba ni nyuzi mbili zilizosokotana, wakitegemea kwa sehemu kubwa picha za eksirei zilizotoka kwa Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling. Franklin alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Tuzo ya Nobel ya ugunduzi huo ilitolewa mwaka 1962, kwa Watson, Crick na Maurice Wilkins.

DNA ina shanga za aina nne tu, zinazoandikwa A, T, G na C. Zichukue kama herufi. Seli husoma herufi tatu tatu, na karibu kila tatu hutaja asidi amino moja. Nakala ya maagizo huandikwa kwenye RNA, asidi nukleiki nyingine, hutoka nje ya kiini, na mashine ndogo ziitwazo ribosomu hutunga protini kwa kuifuata. Karibu kila seli yako ina herufi zipatazo bilioni 3 kutoka kwa mama na bilioni 3 kutoka kwa baba. Zikinyooshwa hufikia kama mita 2, nazo zimekunjwa ndani ya kiini kisichofika hata sehemu moja ya mia ya milimita.

Unaweza kuiona kwa macho yako. Ponda kitunguu maji hadi kilainike. Tia maji yenye chumvi na sabuni ya maji kidogo, koroga taratibu bila kufanya povu, chuja. Tia maji ya nanasi kijiko kimoja, subiri dakika chache. Kisha inamisha glasi na mimina spiriti iliyopoa sana, polepole, ielee juu. Mahali spiriti inapokutana na mchanganyiko, nyuzi nyeupe zenye utelezi zitaanza kupanda. Hiyo ni DNA ya kitunguu.

Angalia ulichofanya. Kuponda kumevunja kuta za selulosi. Sabuni imeyeyusha tando za lipidi. Kimeng'enya cha nanasi kimekata protini. Spiriti imeinyima DNA maji, ikajitokeza. Makundi yote manne yamepita mkononi mwako ndani ya glasi moja, kila moja likijibu kwa tabia yake.

Herufi moja

Sasa turudi kwenye shanga 574 za himoglobini. Katika nyuzi mbili kati ya nne, ushanga wa sita unapaswa kuwa asidi glutamiki, inayopenda maji. Herufi zake ni GAG. Kwa baadhi ya watu herufi ya katikati imebadilika, inasomeka GTG, na badala ya asidi glutamiki hutungwa valini, inayoyakimbia maji. Shanga 2 kati ya 574.

Kinachofuata ni sheria ileile ya mafuta na maji. Himoglobini ikishatoa oksijeni, valini ile hutafuta pa kujificha, hujibana kwenye kishimo cha himoglobini ya jirani, na ya jirani hujibana kwa nyingine. Kamba ngumu hutokea ndani ya seli nyekundu, na seli iliyokuwa ya mviringo hupinda kama mundu. Haipiti tena vizuri katika mishipa myembamba. Huziba njia, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha. Seli ya kawaida huishi siku kama 120. Hii huishi siku 10 hadi 20, hivyo damu haitoshi kamwe. Huo ndio ugonjwa wa selimundu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba chanzo chake ni himoglobini yenyewe. Vernon Ingram, huko Cambridge, aligundua miaka ya 1956 na 1957 kwamba kosa liko kwenye asidi amino moja tu.

Kwa nini kosa hilo limeenea sana kwetu? Aliyejibu alikulia Kenya. Anthony Allison alipima damu za watu mbalimbali wa Kenya mwaka 1949, akaona kwamba wenye chembe ya urithi huu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno nyanda za juu zenye baridi. Palipo na mbu wa malaria, ndipo palipo na chembe hiyo. Baadaye alipima watoto 290 nchini Uganda, akakuta waliorithi nakala moja ya kosa hilo walikuwa na vijidudu vya malaria mara chache kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Nakala moja humkinga mtoto na malaria kali. Nakala mbili humpa selimundu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Tumesikia watoto hao wakiitwa wamerogwa. Tumesikia mama zao wakilaumiwa, ilhali kila mtoto mgonjwa amerithi nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba. Ni herufi, na herufi haina laana. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri DNA ya mgonjwa ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya mtoto aliye tumboni mwa mama, isiyo na kosa. Kule Marekani ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wakati tunasubiri bei hiyo ishuke, ipo haidroksiurea, dawa ya kumeza inayoamsha himoglobini hiyohiyo ya kabla ya kuzaliwa kwa kiasi, na kuna wagonjwa wengi wanaostahili kuipata na hawaipati.

Liko pia jambo la gharama ndogo kuliko yote, nalo liko mikononi mwako wewe unayesoma. Mwenye nakala moja kwa kawaida ni mzima kabisa na hajui kwamba anayo. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye selimundu. Tone la damu linatosha kubaini kama unayo nakala hiyo. Kama unapanga kuoa au kuolewa, nendeni wote wawili mkapime, mkae na majibu yenu, kisha mwamue mkiwa mnajua.